Somo: Vidole vya mtoto mahututi vimepoa, uanzie wapi?

Wenzangu wa wodi za watoto, ukigusa vidole ukakuta vya baridi, usikimbilie dripu. Gusa kwanza mkono wa pili, kisha miguu.

1. Umepoa mkono mmoja tu? Tafuta kinachobana. Fungua plasta ya kanula (kimrija cha kwenye mshipa), bandeji, bangili, uzi wa hirizi. Kuna mtoto simsahau: vidole vya zambarau, vimevimba hadi mikunjo imepotea. Chini ya bandeji tulikuta kipande cha glovu tulichomfungia wakati wa kutafuta mshipa, bado kimekaza. Tulipokikata, rangi ikarudi taratibu kuanzia kiganjani. Tangu siku ile nikifungua glovu natamka kwa sauti: "Nimefungua."

2. Imepoa yote? Bonyeza ukucha wa kidole gumba hadi uwe mweupe, achia, hesabu. Rangi ikichelewa zaidi ya sekunde 3, na mapigo ni dhaifu na ya kasi, huyo yuko kwenye shoku, yaani damu haifiki vya kutosha mwilini.

3. Mpe oksijeni, pima sukari na wingi wa damu. Dalili zote tatu zikiwepo (ubaridi, rangi kuchelewa, mapigo dhaifu na ya kasi), dripu ni ml 10 hadi 20 kwa kila kilo, kwa dakika 30 hadi 60. Mtoto wa kilo 10 anapata ml 100 hadi 200. Usimmiminie kwa pupa. Utafiti wa FEAST wa Kenya, Uganda na Tanzania, uliotoka 2011, ulihusu watoto zaidi ya 3,000 wenye homa kali. Ndani ya saa 48, waliomiminiwa maji haraka walikufa kati ya 10 na 11 katika kila 100; wasiomiminiwa, 7. Hao walikuwa watoto wetu.

4. Mfunike blanketi mwili mzima. Chupa ya maji ya moto isiguse vidole. Visivyo na damu huungua upesi.

MASWALI

Sista, oksimita (kipimo cha oksijeni kwenye damu) haisomi kidoleni.
Hamishia kwenye ndewe ya sikio. Mtoto akiwa hoi, usisubiri namba ndipo umpe oksijeni.

Na mwenye utapiamlo mkali?
Huyo ana utaratibu wake: akiwa kwenye shoku na amelegea au hana fahamu, ml 15 kwa kilo kwa saa nzima. Hesabu mapigo na pumzi kila dakika 5 hadi 10. Vyote viwili vikipanda, simamisha.

Wangu yuko kwenye dripu ya adrenalini, dawa ya kupandisha presha, na ncha za vidole zinaanza kuwa nyeusi. Nizime?
Usizime ghafla, presha itaporomoka. Kagua kama kanula imevuja, mwite daktari aangalie kama dozi inaweza kushushwa polepole. Na weusi ule usikatwe haraka. Mara nyingi chini yake kuna nyama iliyo hai.