Nusu marathoni ya bei nafuu karibu na nyumbani: anza hesabu kitandani

Ada ya mbio ndiyo sehemu ndogo ya gharama. Mtu huona bango, akasoma shilingi 40,000, akaona anazimudu, akalipa. Wiki ya mbio ikifika ndipo anapogundua kwamba watu wanaondoka kwenye mstari wa kuanzia saa kumi na mbili asubuhi, yeye yuko Mbale, mashariki mwa Uganda, na hakuna basi la kumfikisha Kampala saa hiyo asipolala huko. Kwa hiyo kabla ya kuuliza mbio ni za shilingi ngapi, uliza hivi: siku hiyo nitaamkia wapi, na nitafikaje mstarini gizani?

Chukua karatasi uandike mistari mitano: ada, nauli ya kwenda na kurudi, malazi, usafiri wa alfajiri, chakula. Tumfuate huyo wa Mbale anayetaka kukimbia Kololo, mtaa wa Kampala, kwa bei za mfano; wewe utaweka zako. Ada 40,000. Basi 30,000 kwenda na 30,000 kurudi. Gesti ya kawaida usiku mmoja, 40,000. Boda za alfajiri na za baada ya mbio, 10,000. Chakula cha siku mbili, 25,000. Jumla ni 175,000, na ada haifiki hata robo yake. Sasa tuseme ana shangazi Kamwokya, mtaa wa jirani na Kololo. Mstari wa malazi unafutika, chakula kinapungua, na alfajiri anatembea kwa miguu hadi Kololo, matembezi yanayomtosha pia kupasha mwili moto. Mbio ni zile zile, lakini gharama imeshuka hadi 100,000 na ushee. Ndiyo maana orodha ya ndugu zako na mahali wanapoishi ni muhimu kuliko orodha ya mabango.

Na ukaribu usiupime kwa kilomita peke yake. Kutoka Entebbe hadi katikati ya Kampala ni kama kilomita 40, umbali mdogo mchana, lakini saa kumi ya usiku wa kuamkia Jumapili teksi (mabasi madogo ya abiria) ni chache na zinasubiri zijae. Boda wa saa hiyo hutoza zaidi, tena barabara zikiwa zimefungwa kwa ajili ya mbio atakushusha kilomita moja kabla ya uwanja. Ukiwa mbali kiasi hicho, tafuteni watu wanne mchange gari moja, au ulale karibu.

Mbio zipi, na miezi gani

Mbio kubwa zenye nusu marathoni, yaani kilomita 21, zinajulikana. Mbio za Siku ya Kuzaliwa ya Kabaka, mfalme wa Buganda, hufanyika Aprili, zikianzia Lubiri, kasri lake lililoko Mengo, Kampala. Rotary Cancer Run huwa mwishoni mwa Agosti, Kololo, na fedha zake huenda kwenye matibabu ya saratani. MTN Kampala Marathon, iliyoanza 2004, huja Novemba. Magharibi kuna Rwenzori Marathon mjini Kasese, iliyoanza 2022, na huangukia kati ya Agosti na Septemba. Angalia siku ya wiki: za Kampala huwa Jumapili, ila za Kasese zimekuwa Jumamosi, maana yake mtu wa Kampala anasafiri Ijumaa. Kama Ijumaa ni siku yako ya kazi, mshahara au mauzo utakayopoteza ni mstari wa sita kwenye karatasi.

Zaidi ya hizo kuna mbio za hospitali, za dayosisi, za shule na za kampuni, nyingi zikiwa za kuchangia jambo fulani. Hizo ndizo mara nyingi za bei ya chini na za karibu zaidi. Husikika kwenye redio za mkoa, matangazo ya kanisani na msikitini, na hasa kwenye makundi ya WhatsApp ya vilabu vya kukimbia. Nyingi ni za kilomita 5 na 10 tu. Uliza mapema kama 21 ipo.

Aliye Busia au Tororo asisahau upande wa pili wa mpaka. Kutoka Busia, Kisumu ni karibu kuliko Kampala, na raia wa Uganda huvuka kuingia Kenya kwa kitambulisho cha taifa.

Mwezi nao una gharama yake. Mvua kubwa kusini mwa nchi hunyesha Machi hadi Mei, kisha Septemba hadi Novemba. Mbio za Aprili zina maana kwamba mazoezi yako marefu yataangukia Februari na Machi: vumbi kwanza, matope baadaye. Kwa anayeishi kwenye barabara ya murram, yaani ya udongo usio na lami, mbio za Agosti ni nafuu zaidi, kwa kuwa Juni na Julai njia ni kavu na hutahitaji kupanda teksi kila Jumapili ukafuate lami. Mtu anayekimbia kilomita 8 bila kusimama anahitaji wiki 10 hadi 12. Anayeanza kutoka sifuri ajipe wiki 16 au zaidi, hata kama bango la karibu linamvutia.

Pima njia kabla ya kulipa

Nusu marathoni ni kilomita 21.0975. Mbio nyingi ndogo huandika "kilomita 21" na njia ikawa 20 au 22, kwa sababu ilipimwa kwa mita ya gari au ya pikipiki. Njia rasmi hupimwa kwa baiskeli yenye kihesabio kwenye gurudumu, kwa kufuata mstari mfupi kabisa ambao mkimbiaji anaweza kupita, kisha huongezwa mita moja kwa kila kilomita ili isije ikawa fupi. Kwa hiyo saa yako ya kupima umbali ikionyesha kilomita 21.3 kwenye njia iliyopimwa vizuri, si wizi: umekata kona kwa nje. Ikionyesha 20.2 hapo njia ni fupi, na muda wako usiulinganishe na wa mbio nyingine. Kama shida yako ni kumaliza na kufurahi, hilo lisikuzuie. Kama unataka muda wa kuulinganisha mwaka hadi mwaka, uliza nani alipima na kwa chombo gani. Mwandaaji asiyeweza kujibu swali hilo hakupima.

Halafu milima. Kampala iko kwenye mita 1,200 hivi juu ya usawa wa bahari, Kasese chini ya mita 1,000, Kapchorwa inakaribia 2,000. Anayeishi na kufanya mazoezi Kasese akienda kukimbia Kapchorwa atapumua kwa shida mapema hata kwenye tambarare. Anayetoka Kampala kwenda Kasese atapumua vizuri lakini joto litamchosha, kwa hiyo asichague mbio zinazoanza saa moja na nusu. Ndani ya Kampala kwenyewe, vilima vya Kololo, Naguru na Nakasero vinaamua kila kitu. Pata ramani ya njia, kisha ipitie kwa boda siku ya kawaida ukiwa na kalamu. Kila mahali pikipiki inaposhuka gia na injini kulalamika, weka alama na uandike ni kilomita ya ngapi. Mlima kwenye kilomita ya 4 unavumilika. Mlima huo huo kwenye ya 18 unavunja watu.

Swali ambalo wengi hawaulizi: barabara inafunguliwa tena kwa magari saa ngapi? Mbio zikifungwa baada ya muda wa saa tatu tangu kuanza, unahitaji mwendo wa dakika 8 na sekunde 32 kwa kilomita. Zikifungwa baada ya muda wa saa mbili na nusu, ni dakika 7 na sekunde 6. Ukichelewa, teksi na boda zinarudi barabarani wewe ukiwa bado unakimbia, na meza za maji zimeshaondolewa. Kukadiria muda wako, zidisha muda wa kilomita 10 kwa 2.2: mwenye dakika 65 atamaliza kwa saa mbili na dakika 23 hivi, na kwenye vilima aongeze dakika 5 hadi 10. Kama hesabu inagusa kikomo, chagua mbio nyingine. Uliza pia meza za maji ziko kila baada ya kilomita ngapi. Kwa joto letu, zaidi ya 5 ni mbali, na utalazimika kubeba chupa.

Kulipa na kuchukua jezi

Namba ya malipo ichukue kwenye ukurasa rasmi wa mbio au kwenye duka linalouza jezi (fulana ya mbio), kamwe si kwenye ujumbe uliosambazwa. Ukilipa kwa *165# ya MTN au *185# ya Airtel, soma jina linalotokea kabla ya kuingiza namba ya siri. Likiwa jina la mtu binafsi badala ya la mbio au mwandaaji, acha kwanza, piga simu uulize. Hifadhi ujumbe wa muamala hadi jezi iwe mkononi.

Jezi si usajili. Kuna mbio ambazo fulana ni moja kwa wote na kinachotofautisha ni namba ya kifuani. Ukipewa namba ya kilomita 5 au 10, muda wako wa 21 hautaonekana kwenye matokeo hata ukimaliza. Simama pale pale kaunta uhakikishe. Geuza namba utazame mgongoni: kwenye mbio nyingi chipu ya muda imebandikwa hapo kama kipande cha plastiki chembamba, na ukiikunja uitie mfukoni inaweza kuvunjika. Ibebe ikiwa bapa, uibane kifuani kwa pini nne.

Kwa anayetoka mkoani, uliza kabla ya kulipa kama jezi inaweza kuchukuliwa jioni ya kuamkia mbio au kutumwa kwa basi. Zikigawiwa Kampala tu, siku za kazi, umejiongezea safari nzima, isipokuwa shangazi wa Kamwokya akupitie kuichukua. Mtumie picha ya kitambulisho chako na ujumbe wa malipo, na saizi yako umtajie mapema, kwa kuwa za kati na kubwa huisha kwanza.

Boda wa alfajiri mpate jioni, si usiku ule. Mwonyeshe mlango utakaotokea, mkubaliane bei, chukua namba yake ya simu na ya mwenzake mmoja. Saa kumi usiku mpigie. Asipopokea mara ya pili, mpigie mwenzake.