Jinsi ya kuandaa chemsha bongo isiyoishia kwenye ubishi

Chemsha bongo huharibiwa na swali lenye majibu mawili kuliko kitu kingine chochote. Timu mbili zinasimama, kila moja inadai pointi yake, na zote zina haki. Hapo huna la kufanya zaidi ya kuwaudhi watu.

Mwongozo huu nimeuandika baada ya kumsaidia mdogo wangu, mwalimu wa sekondari, kutayarisha maswali ya wanafunzi wake kabla ya kufunga shule. Utakufaa pia kwa sherehe ya ukoo, kwa vijana wa kanisani au madrasa, au kwa wafanyakazi wenzako siku ya mapumziko.

Hatua ya 1: Wajue unaowauliza

Swali la filamu za zamani wape wazazi. Swali la muziki wa sasa wape vijana. Wakichanganyika, hakikisha kila timu ina wakubwa na wadogo.

Hatua ya 2: Gawa raundi

Raundi nne zinatosha: nchi na miji; mito, milima na maziwa; wanyama na mimea; kisha muziki, filamu na michezo. Maswali kumi kila raundi. Burudani iweke mwisho, maana ndiyo inayowaamsha waliokwisha kukata tamaa.

Hatua ya 3: Anza na jibu, swali lifuate

Wengi hukaa na daftari wakijiuliza, "Niulize nini?" Mimi hutafuta kwanza jibu lenye utamu, kisha ndipo ninatunga swali la kulifikia. Mifano ya majibu ninayoyapenda:

Twiga ana pingili saba za shingo, idadi ileile aliyonayo binadamu. Pweza ana mioyo mitatu. Mto Kongo unakatiza ikweta mara mbili. Guinea ya Ikweta ina jina hilo, lakini mstari wa ikweta unapita baharini, kati ya bara lake na kisiwa chake cha Annobón, bila kugusa nchi kavu yake. Freddie Mercury, mwimbaji wa bendi ya Queen, alizaliwa Zanzibar mwaka 1946. Muziki wa kwanza wa mchezo wa kompyuta kupata tuzo ya Grammy, mwaka 2011, ulikuwa wimbo wa Kiswahili: "Baba Yetu", uliotungwa na Mmarekani Christopher Tin.

Jipime hivi: aliyekosa akisikia jibu, atasema "Kumbe!" au atasema "Sasa hilo ningelijuaje?" Likiwa la pili, lifute. Mji mkuu wa nchi ambayo hakuna aliyewahi kuisikia haumfurahishi mtu, hata aliyepata.

Hatua ya 4: Ziba mianya ya swali

Hapa ndipo kazi ilipo, na hapa ndipo utatumia muda mwingi kuliko hatua nyingine zote zikijumlishwa. Usiharakishe.

Chukua swali hili lililokuwa kwenye daftari la mdogo wangu: "Taja nchi iliyozungukwa pande zote na nchi moja tu." Jibu aliloandika ni Lesotho. Nikamuuliza, "Na mtoto akisema Vatikani?"

Akafikiri kidogo. "Nitampa pointi, kaka."

"Na atakayesema San Marino?"

Akachukua kalamu. Zote tatu ni sahihi: Lesotho imo ndani ya Afrika Kusini, na hizo mbili zimo ndani ya Italia. Tungeweza kuongeza maneno "ya Afrika" na swali likafungwa. Tulichagua njia nzuri zaidi: "Ziko nchi tatu duniani zilizozungukwa na nchi moja tu. Zitaje, pointi moja kwa kila nchi." Swali lililokuwa na kasoro likawa ndilo tamu kuliko yote kwenye raundi ile.

Sasa pitia maswali yako moja moja ukiangalia mambo haya.

*Kipimo.* Maneno "kubwa" na "refu" yaogope. Ziwa kubwa kuliko yote Afrika ni lipi? Kwa eneo la uso wa maji ni Victoria. Kwa wingi wa maji na kwa kina ni Tanganyika, lenye kina cha mita 1,470, la pili duniani baada ya Baikal huko Urusi. Mtoto wa Mwanza na mtoto wa Kigoma watabishana mpaka jioni, na kosa ni lako. Sema "kwa eneo" au "kwa kina".

Milima nayo ni hivyohivyo. Everest ndio mrefu kuliko yote ukipima kutoka usawa wa bahari. Ukipima kutoka kitakoni, Mauna Kea wa Hawaii unaupita, kwa kuwa sehemu yake kubwa imezama baharini na jumla yake inazidi mita 10,000. Ukiuliza kilele kilicho mbali zaidi na kitovu cha dunia, jibu ni Chimborazo wa Ecuador, kwa sababu dunia imefura kidogo kwenye ikweta. Hayo ni maswali matatu mazuri, ilimradi kila moja liseme kipimo chake. Usiombe urefu wa Everest kwa mita bila kutaja chanzo: vitabu vya zamani vinasema 8,848, lakini Nepal na China zilitangaza 8,849 mwishoni mwa 2020.

Kuhusu mto mrefu kuliko yote, mimi siulizi kabisa. Vitabu vingi vinasema Naili, na wapo watafiti wanaoitetea Amazon. Badala yake uliza mto unaomwaga maji mengi zaidi baharini. Ni Amazon, na hapo hakuna wa kukupinga.

*Idadi.* "Afrika ina nchi ngapi?" Umoja wa Mataifa una wanachama 54 kutoka Afrika. Umoja wa Afrika una wanachama 55, kwa sababu unaitambua Sahara Magharibi. Taja jumuiya unayoikusudia.

*Miji mikuu.* Afrika Kusini ina mitatu: Pretoria ya serikali, Cape Town ya bunge, Bloemfontein ya mahakama ya rufani. Burundi ilihamishia makao makuu ya kisiasa Gitega, na Bujumbura ikabaki mji wa biashara. Kitabu cha zamani kitakudanganya. Kwa Côte d'Ivoire watu hujibu Abidjan, kumbe ni Yamoussoukro tangu 1983. Hilo la mwisho ni swali halali na zuri. La Afrika Kusini liulize tu kama unaomba yote matatu.

*Mwaka.* Hapa wapenda mpira ndio wakali. AFCON ya 2023 ilichezwa Januari na Februari 2024. CHAN ya 2024 ilichezwa Kenya, Tanzania na Uganda Agosti 2025. Olimpiki ya Tokyo 2020 ilifanyika 2021. Ukiuliza "Nani alitwaa kombe mwaka 2024?" umejitafutia kesi. Uliza kwa jina la mashindano.

*Rekodi zinazobadilika.* Nchi yenye watu wengi kuliko zote ilikuwa China kwa miaka mingi. India ikaipita 2023. Ambatanisha mwaka kwenye swali la aina hii, au achana nalo.

*Umiliki wa kazi za sanaa.* Nani alitunga "Malaika"? Fadhili William ndiye anayetajwa zaidi, lakini wapo wanaosema mtunzi ni Adam Salim, na mjadala huo haujaisha. Uliza mwimbaji gani wa Afrika Kusini aliyeupeleka wimbo huo mbali duniani: Miriam Makeba.

*Wanyama.* "Mnyama mwenye kasi kuliko wote" si lazima awe duma. Kozi anapojitosa kutoka angani kukamata ndege mwenzake anazidi kilomita 300 kwa saa. Andika "wa nchi kavu". Jihadhari pia na neno "aligunduliwa". Kipunji, nyani wa Mlima Rungwe na misitu ya Udzungwa, alielezwa rasmi na wanasayansi mwaka 2005, lakini watu wa Rungwe walikuwa na jina lake kabla ya hapo, na jina hilo ndilo analoitwa mpaka leo. Uliza "alielezwa rasmi kisayansi mwaka gani". Ni sahihi zaidi, na ni heshima kwa waliomjua kwanza.

Ukimaliza, mpe daftari mbishi wa mtaani kwenu. Mwambie atafute jibu jingine kwa kila swali. Atafurahi sana, na kila atakalolipata ni aibu uliyoepushwa.

Hatua ya 5: Hakiki

Mimi naamini atlasi kuliko picha za "Je, wajua?" zinazosambazwa WhatsApp. Ni huko utasoma kwamba Ukuta Mkuu wa China unaonekana kutoka mwezini, jambo ambalo si kweli. Lakini atlasi nayo ina umri. Kama haina Sudan Kusini, imechapishwa kabla ya 2011. Kama inaandika Swaziland badala ya Eswatini, ni ya kabla ya 2018. Kila jibu lipate vyanzo viwili ambavyo havikunakiliana.

Hatua ya 6: Siku yenyewe

Majibu yaandikwe kwenye karatasi, timu zibadilishane kusahihisha. Sipendi mtindo wa kunyoosha mkono au kugonga meza: anashinda mwenye sauti, na mtoto mpole anayejua anabaki kimya. Sipendi pia majibu ya kuchagua A, B, C, D, kwa kuwa yanampa pointi aliyebahatisha.

Soma kila swali mara mbili, polepole. Simu zikusanywe kwenye kikapu mbele ya wote. Mteue mwamuzi mmoja ambaye si wewe, na utangaze mapema kuwa neno lake ndilo la mwisho. Jibu ukilitoa, toa na sababu yake kwa sentensi moja. Wengi watakumbuka hiyo kuliko pointi.

Hatua ya 7: Sare

Andaa swali moja la makadirio, lenye jibu la namba, na timu itakayokaribia zaidi ishinde. Langu la siku zote ni kimo cha jengo la Burj Khalifa la Dubai kwa mita. Jibu ni 828. Timu zote ziandike kwa wakati mmoja na kufunika karatasi kabla hujaanza kuzikusanya.