Ukiwa kwa chotara wa mbwa mwitu, mgeuzie ubavu

Kwa mlioko Kanada mnaopanga kwenda Yamnuska Wolfdog Sanctuary, karibu na Cochrane, Alberta, kuwaona chotara wa mbwa na mbwa mwitu (yule wa kijivu wa kaskazini, si wetu wa madoa wa Ruaha): ukiruhusiwa kuingia ndani ya uzio, usimfuate mnyama. Mgeuzie ubavu wako, tazama pembeni, mikono chini, tulia. Kwao kukodolewa macho au kuinamiwa kichwani ni uchokozi, na wenye damu nyingi ya mbwa mwitu huogopa wageni na kila kitu kipya. Akiona huna haja naye, udadisi humleta mwenyewe akunuse. Mimi nilingoja mpaka miguu ikafa ganzi, akaja. Kumgusa ni kwa ruhusa ya mwongozaji tu, tena kifuani, si utosini. Mbinu hii haifai ukiwa na chakula mfukoni au skafu inayoning'inia: atakuja, ila amefuata skafu. Na mwishoni mwa majira ya baridi, msimu wa kupandana, wengine hubadilika tabia. Hapo baki nje ya uzio.