Kutoka ngamani mpaka omo: namna ya kuitumia "come to the fore"

Yakhe, huu msemo wa Kiingereza "come to the fore", yaani kitu kilokuwa nyuma kuja mbele kikaonekana, unawatesa watu wengi, na mimi ulinitesa kabla yao. Mwaka wangu wa kwanza kutembeza wageni tulikuwa kwenye boti tunakwenda kisiwa cha Changuu, hapa Zanzibar, nahodha akaniita kule mbele nikamshikie kamba, basi mimi nimejaa Kiingereza cha kukariri nikamgeukia mzee mmoja wa Kiingereza nilokuwa nazungumza nae nikamwambia "excuse me, I am coming to the fore". Yule mzee kacheka mpaka chai ikammwagikia, akanambia "congratulations". Sikufahamu ananipongezea nini. Nimekuja kufahamu usiku nishafika nyumbani, kumbe nimemwambia mtu mzima niwie radhi bwana, mimi ndo naanza kutamba.

Sasa jioni nasomesha watembeza wageni wenzangu na vijana wa mahotelini, na msemo huu nawapitisha hivi.

Hatua ya 1: lishike neno "fore"

Fore ni mbele, basi. Umeshaliona ndani ya "forehead" paji la uso, umeliona ndani ya "before". Na kwenye chombo fore ndo omo, upande wa mbele, "aft" ndo tezi, upande wa nyuma. Sisi watu wa pwani hapa tumepewa bure mana wazee washasema kuenda tezi na omo marejeo ni ngamani, sasa mimi darasani nawageuzia safari: kitu kilikuwa ngamani huko chini na mizigo na maji ya kufua, hakuna anaekiangalia, alafu kikapanda mpaka omo kila mtu akakiona. Hiyo picha ya chombo ni yangu ya kusomeshea tu, usende ukamwambia Mzungu kwamba msemo wake una ngama. Lakini ukiikamata hii picha nusu ya kazi ishakwisha.

Hatua ya 2: jiulize, kabla ya hapo kilikuwa wapi?

Hapa ndo penyewe, na hapa ndo kamusi zinapowaangusha watu. Unafungua kamusi unakuta "kuwa maarufu", unaondoka nayo, unaanza kumpachika kila mtu maarufu. Siyo. Umaarufu ni kuvuma, wavumao baharini papa, na kwa kuvuma Waingereza wana "rise to fame". "Come to the fore" inataka kitu ambacho kilikuwepo, kimekaa nyuma ya wengine, alafu likatokea jambo likakileta mbele.

Mfano nnaoupenda kuliko yote ni wa karafuu. Zamani Unguja ikilima karafuu na Pemba ikilima karafuu, lakini mwaka 1872 kikapiga kimbunga Unguja kikaing'oa mikarafuu mingi mno, ya Pemba kwa sehemu kubwa ikasalimika. Toka hapo Pemba ndo ikawa mama wa karafuu mpaka leo. Sentensi yake:

"After the hurricane of 1872, Pemba came to the fore as a clove island."

Iangalie vizuri. Mikarafuu ya Pemba haikuota siku ile, ilikuwepo, ila Unguja ilikuwa imesimama mbele yake. Kimbunga kikamuondoa alosimama mbele. Ndo maana "came to the fore" imekaa pale kama imepimwa kwa kamba, na ukiweka "became famous" unaharibu, mana karafuu haijaenda kupigwa picha.

Sasa mchukue Freddie Mercury, kazaliwa Mji Mkongwe 1946, wageni kila siku wanataka kuoneshwa nyumba. Yeye na bendi yake Queen walivuma miaka ya sabini, mwambie mgeni "he rose to fame in the 1970s" hakuna atakaekukosoa. Alafu mchukue Abdulrazak Gurnah, riwaya yake ya kwanza imetoka 1987, kaandika miaka na miaka, wasomaji wake wanamjua, ila wengi wetu hata huku kwao hatukuwa tukimsoma, 2021 kapewa Nobel ya fasihi, ghafla kila mtu anamtafuta. Huyo ndo wa kumwambia "his novels came to the fore in 2021". Riwaya zilikuwepo kabatini zamani, sisi tu ndo tulikuwa tumezipa mgongo.

Na si lazima awe mtu au nchi. Tabia pia inapanda omo, na hii itakufaa kwenye intavyuu. Nilikuwa na mwanafunzi mmoja anakwenda kuomba kazi ya mapokezi, kaandika kwenye daftari "I am very patient person", nikamwambia mwanangu hiyo wanasema wote, tena umekula "a", jaribu hivi: "When guests are angry, my patience comes to the fore". Akaisoma mara tatu kwa sauti akanambia "ami, kumbe subira imejificha mpaka wakasirike". Nikamwambia eeh, umeshanipata, kaa chini.

Hatua ya 3: kapanda mwenyewe au kapandishwa?

Kiswahili unajua tofauti ya kuja na kuleta. Basi ni hiyo hiyo. "Come" kitu kinakuja chenyewe, "bring" kuna wa kukileta. Taarabu ya kule kasri ya Sultani ikiimbwa kwa Kiarabu, akaja Siti binti Saad mtoto wa Fumba akaimba kwa Kiswahili, 1928 akaenda Bombay kurekodi sahani za santuri. Kwa hiyo:

"Siti binti Saad brought Swahili to the fore in taarab."

Yeye ndo kaleta, Kiswahili ndo kilicholetwa. Ukitaka kuanza na Kiswahili sema "Swahili was brought to the fore by Siti". Lakini nishasahihisha madaftari mangapi yana "Swahili was come to the fore by Siti"! Hiyo haipo, "come" haina wa kuifanyia, sawa na kusema Kiswahili kilijwa na Siti. Ukiisikia kwa Kiswahili inavyochekesha hutoirudia.

Jambo jengine dogo hapa, ikiwa kinacholetwa ni kirefu kina mkia, kiweke mwisho. Chukua ile Beit el Ajab ya Mji Mkongwe ilivyoporomoka upande: "The fall of part of the House of Wonders in December 2020 brought to the fore the question of how our old buildings are looked after". Ukiking'ang'aniza katikati msomaji atafika kwenye "to the fore" keshasahau nani kaleta nini.

Hatua ya 4: wakati, na yale makosa ya vidole

Hapa tupite mbio. Limekwisha na lina mwaka wake, "came". Limeanza zamani na bado linaendelea, "has come" au "have come". Ndo kwanza linaanza kuonekana, "is coming". "The" haitoki, hakuna "come to fore". Na isiwe "four", hiyo ni nne, matamshi yamefanana lakini ukiiandika kwenye CV wamekuona.

Hatua ya 5: usiichanganye na jirani zake

"Come to the front" ni kwenda mbele kwa miguu, na hii ndo nilotaka mimi siku ile ya boti. "Come forward" ni mtu kujitolea au kujitokeza kusema anachokijua, kama polisi wanaomba alieona ajali aje. "Come to light" ni jambo lilofichwa kufichuka, mara nyingi lina harufu. Pesa za chama zikiliwa "it came to light", usende ukasema "it came to the fore" kama kwamba wizi umeshinda zawadi.

Na huu msemo ni wa gazeti, ripoti, hotuba, maelezo ya kwa wageni pale ulipotulia. Forodhani kwenye urojo mtu akikuuliza habari za rafiki yako usimwambie kaja to the fore, mwambie "he's doing well" mle muondoke.

Hatua ya 6: fanya mwenyewe

Jaza "come" au "bring" kwa wakati wake, usitizame chini.

a) Since seaweed farming began on the east coast in the late 1980s, women ______ to the fore.
b) The lack of rain ______ the old wells to the fore last year.
c) Every Ramadan, her cooking ______ to the fore.

Ya kwanza "have come", kuna "since" na wanawake wa Paje na Jambiani mpaka leo wamo kwenye mwani. Ya pili "brought", ukame ndo uloleta, visima vya watu havikutembea. Ya tatu "comes", kila mwaka inarudi, na ikiwa umeandika "rises to fame" basi huyo bibie mwambie atuletee na sisi futari tuone.