Kabla hujanunua darubini nyingine, angalia mtutu na risasi zako

Mtu akianza kukosa shabaha, wa kwanza kulaumiwa ni darubini, wa pili ni upepo. Mtutu na risasi hukumbukwa mwisho kabisa, ilhali ndivyo vinavyobeba kazi yote. Nawaandikia wenzangu wa Nairobi wenye bunduki za shabaha ya karatasi, maana uwindaji ulipigwa marufuku nchini mwaka 1977 na karatasi ndiyo iliyobaki. Nayo haimfichii mtu kitu.

Ya wazi tuyamalize haraka. Cheti chako cha kumiliki silaha kiwe hai, na usizidishe idadi ya risasi iliyoandikwa humo. Kabla ya kusafisha, toa risasi, fungua bolti (kile chuma cha nyuma kinachosukuma risasi ndani na kuifungia), tazama chemba, pale risasi inapokaa kabla ya kupigwa, kwa macho kisha ingiza kidole. Risasi zikae chumba kingine. Fungua dirisha, kwa sababu dawa ya kusafishia mtutu inapanda kichwani. Kaza skrubu zinazoshika mtutu kwenye kitako na zile za darubini. Mara nyingi ugonjwa wote uko hapo.

Sasa fimbo ya kusafishia. Hapa naomba usome polepole.

Kuna jamaa tunayepiga naye shabaha, mtu makini, ana bunduki ya bolti ya kaliba .308, yaani upana wa risasi kwa inchi. Kwa mita 100 risasi zake tano zilikuwa zikikaa ndani ya sentimita tatu. Kila akitoka uwanjani aliisafisha siku hiyo hiyo, na sote tulimsifu kwa hilo. Ila alitumia fimbo ya chuma ya vipande vitatu vya kuunganishwa, na kwa kuwa hakupenda kuhangaika na kutoa bolti, aliisukuma kutokea mbele, kwenye mdomo wa mtutu. Miezi ikapita. Matundu yakaanza kutawanyika: sentimita tano, halafu nane, halafu yakapita kumi. Akalaumu darubini, akanunua nyingine ya bei ya kuumiza. Hali ikawa ile ile. Akabadilisha vishikio vya darubini. Akabadilisha risasi. Akaanza kujilaumu mwenyewe, kwamba macho yamezeeka na pumzi imeharibika, na akakaribia kuuza bunduki.

Mzee mmoja, fundi wa silaha mwenye leseni, ndiye aliyemwokoa. Hakuuliza habari ya darubini hata kidogo. Aliomba pamba, akaizungusha taratibu kwenye ukingo wa ndani wa mdomo wa mtutu. Upande mmoja pamba ilipita laini. Upande wa pili nyuzi zilinasa. Akampa kioo cha kukuzia ajionee: maungio ya fimbo yalikuwa yameukwaruza ukingo upande mmoja, kila safari kidogo.

Ukingo ule ndio kitu cha mwisho kinachogusa risasi. Risasi inapotoka, gesi ya baruti iliyo nyuma yake inapasuka kutoka nje kwa nguvu. Ukingo ukiwa sawa pande zote, gesi hutoka pande zote kwa pamoja na risasi huenda ilivyolengwa. Pakiwa na pengo upande mmoja, gesi hutangulia kutoka pale, inausukuma mkia wa risasi, na risasi inaondoka ikiyumba. Hakuna darubini duniani ya kurekebisha hilo. Fundi aliukereza mdomo upya kwenye mashine, na matundu yakarudi kukaa pamoja. Pesa za darubini hazikurudi.

Kwa hiyo: fimbo ya kipande kimoja, iliyovikwa plastiki au ya kaboni. Isukume kutoka nyuma, upande wa chemba, na uweke kiongozi cha fimbo, kibomba cha kuinyoosha, pale bolti inapokaa ili isisugue kuta. Kitambaa kikishatoka mbele, kitoe, usikirudishe ndani na uchafu wake. Bunduki isiyofunguka nyuma, kama nyingi za .22 zinazojipakia, itafutie kamba ya kuvuta kutoka chemba kuelekea mdomoni. Fimbo za vipande zinazouzwa ndani ya vile vijisanduku vya bei nafuu, achana nazo.

Usafishe mara ngapi? Bunduki ya kaliba kubwa, kama ile .308, inaacha shaba ndani ya mifereji ya mtutu, ile iliyojisokota ili kuizungusha risasi. Dawa yenye amonia ikiigusa, kitambaa kinatoka na rangi ya buluu au kijani. Endelea mpaka rangi iishe, ila usiiache dawa hiyo ikalala mtutuni usiku kucha. Bunduki ya .22 ni tofauti: risasi zake zina nta, na mtutu hutulia baada ya nta hiyo kutandaa. Ukiusugua kila wiki, kila wiki unaanza upya. Na kabla ya kupiga, pitisha kitambaa kikavu. Mafuta yaliyobaki ndani yataipeleka risasi ya kwanza usikotaka.

Risasi. Usichague kwa bei wala kwa sifa za rafiki, mtutu wako ndio utakaochagua. Nunua boksi moja moja la aina chache na uzipige siku moja, ukiegemeza bunduki pale pale. Piga makundi ya risasi tano, kwani tatu zinaweza kukaa pamoja kwa bahati. Kwa .22, ukibadilisha aina, piga kama kumi kwanza ndipo uanze kuhesabu. Risasi za .22 za mwendo wa kasi hutoka juu ya mwendo wa sauti, ambao ni kama mita 340 kwa sekunde, kisha hushuka chini yake zikiwa bado njiani, na hapo huyumba. Ndiyo maana wapigaji wa mashindano ya mita 50 hutumia zile za polepole.

Uzito wa risasi nao lazima ulingane na msokoto wa mifereji. Risasi ndefu na nzito huhitaji msokoto wa haraka zaidi. Tundu kwenye karatasi likiwa refu badala ya duara, risasi imefika ubavu, yaani mtutu haukuweza kuizungusha vya kutosha. Badilisha risasi. Ukishapata inayokubali, soma namba ya bechi, yaani fungu lililotengenezwa pamoja, kwenye boksi na ununue za bechi hiyo hiyo kadiri cheti kinavyoruhusu. Jina lile lile na bechi nyingine inaweza kuhamisha matundu yako, nami nimeona watu wakigundua hivyo asubuhi ya mashindano.

Nairobi iko karibu mita 1,700 juu ya usawa wa bahari na hewa yake ni nyepesi. Ukishuka Mombasa kwa mashindano, rekebisha darubini upya kule, kwa sababu hewa nzito inaipunguza risasi kasi na kwa masafa marefu itagonga chini. Chumvi ya pwani italeta kutu usipofuta bunduki jioni ile ile. Hata hapa nyumbani, wakati wa masika na baridi ya Julai, usiihifadhi ndani ya mkoba wenye sifongo, sifongo hushika unyevu. Na boksi la risasi lisibaki kwenye gari lililoegeshwa juani.

Usipige mfululizo mpaka mtutu usishikike. Risasi isipolipuka, elekeza mdomo kwenye shabaha na subiri sekunde 30 kabla ya kufungua. Mlio ukiwa hafifu kuliko kawaida, simama kabisa, toa bolti, tazama kama kuna risasi iliyokwama ndani. Ya pili ikifuata, mtutu unapasuka usoni pako. Vaa kinga ya masikio na miwani hata kama unapiga .22. Ukimaliza, osha mikono kwa sabuni kabla hujagusa chakula, maana moshi ule una madini ya risasi, yenye sumu, na nguo ulizovaa uwanjani zifuliwe peke yake, hasa kama una mtoto mdogo nyumbani.