Kabla hujanunua kiwanja pembezoni mwa Dar, hesabu njia

Nilinunua kiwanja Goba mwaka 2011, mikorosho kila upande. Niliuliza maji, umeme na mgogoro. Njia sikuuliza, maana wakati ule ulipita popote. Leo shule ya wanangu naiona kutoka dirishani, mita 400 hivi ukinyoosha kamba. Wao wanatembea kilomita moja na nusu, kwa sababu kila aliyekuja baada yangu alizungushia ukuta, na upenyo wa mwisho ukazibwa.

Wewe fanya hivi. Fungua OpenStreetMap, ramani ya bure ya mtandaoni, kwenye simu. Dar imechorwa vizuri, hasa tangu vijana wa Ramani Huria walipoanza kazi hiyo 2015. Chagua pa kwenda kila siku, tuseme kituo cha daladala. Pima mstari ulionyooka, kisha tembea mwenyewe, simu ikihesabu. Gawa ulichotembea kwa kile kilichonyooka: namba ikiwa kubwa, unazunguka sana. Mitaa ya mraba kama ya Kariakoo haivuki sana 1.4. Mimi napata karibu 4.

Halafu zunguka uhesabu njia panda: zinapokutana nne, zinapokutana tatu, na zinazoishia getini kwa mtu. Za getini zikiwa nyingi, hata gari la kunyonya choo litakusumbua. Rudi tena masika uone korongo linakata wapi. Dalali akikwambia barabara itafunguliwa, mwambie akuoneshe kwenye mchoro wa mipango miji.

Shamba huku halikatwi siku moja. Mwenyewe anauza kipande ada ya shule ikidaiwa, kingine akiugua, na hakuna anayefikiria mtaa. Sensa ya 2002 ilihesabu watu kama milioni 2.5 Dar, ya 2022, milioni 5.4. Wengi wao wamejenga huku kwa mtindo huo. Sinza viwanja vilipimwa miaka ya 1970 kabla ya kujengwa: leo nyumba za chini zinageuka maghorofa, lakini mitaa ni ile ile na bado unapita.

Kwa hiyo njia idaiwe kabla ya tofali la kwanza. Kaeni wanunuzi pamoja mbele ya mwenyekiti wa serikali ya mtaa, kila mmoja aachie mita 3 upande wake, na ziandikwe kwenye hati ya mauziano, si kwa mdomo. Sisi tulikubaliana kwa mdomo.

Nyuma yetu shamba la mzee mmoja bado halijakatwa, na amekubali. Jumamosi tunakwenda na kamba na vigingi.