Kupunguza Soya ya Kuagizwa katika Chakula cha Mifugo Jijini Nairobi

Mfugaji wa kuku wa Ruai au Kasarani anapolalamikia bei ya chakula, sehemu kubwa ya anachokilipia ni protini iliyotoka mbali. Soya nyingi inayotumiwa na viwanda vyetu huagizwa kutoka nchi kama Uganda, Zambia na Malawi, na mashudu (makapi ya mbegu zilizokamuliwa mafuta) ya alizeti na pamba pia huvuka mpaka kutoka Uganda na Tanzania, kwa hiyo mvua ikikosekana huko au shilingi ikidhoofika, gunia hupanda bei hapa. Omena wa Ziwa Victoria nao ni kitoweo cha watu, na haifai ufugaji mzima wa jiji kuwategemea.

Hatumshauri mfugaji aiache soya kabisa, bali aichanganye na vyanzo vingine. Lisini na methionini ni viini vya protini ambavyo kuku anavihitaji: soya ina lisini nyingi lakini methionini yake ni haba, ilhali alizeti ina methionini ya kutosha na lisini kidogo, hivyo zikiwekwa pamoja kila moja huziba pengo la mwenzake.

Tuchukue kilo 30 za chakula cha kuku wa mayai chenye protini asilimia 17. Ikiwa mchanganyiko wako wa mahindi na pumba za ngano una protini asilimia 10, na mashudu ya soya asilimia 45, utahitaji kilo 24 za nafaka na kilo 6 za soya. Ukitumia kilo 23 za nafaka, kilo 3 za soya, kilo 2 za mashudu ya alizeti yenye asilimia 30 na kilo 2 za mabuu makavu ya nzi yenye asilimia 42, utapata karibu asilimia 17 ileile kwa nusu ya soya. Chokaa, chumvi, madini na vitamini huongezwa kama kawaida. Mashudu ya pamba tusiwape kuku wa mayai, kwa sababu gosipoli, sumu ya asili iliyomo, huharibu rangi ya kiini cha yai. Anayetumia soya nzima aikaange kwanza, kwani ikiwa mbichi humzuia kuku kumeng'enya protini.

Mabuu hayo ni ya nzi askari weusi, na Nairobi ina chakula chao tele: mabaki ya mboga na matunda ya masoko ya Marikiti na Kangemi, mradi yachambuliwe plastiki na vioo. Mabaki hukatwakatwa na kuwekwa kwenye kreti kivulini, yakiwa na unyevu wa kutoa tone moja au mawili unapoyakamua mkononi. Mabuu huvunwa yakiwa bado na rangi ya maziwa, takriban wiki mbili baada ya mayai kuanguliwa, kwani yakishakuwa meusi ngozi yake huwa ngumu. Hayo meusi yaachwe yawe nzi wa kuendeleza kizazi. Yaliyovunwa hutumbukizwa kwenye maji yanayochemka kwa dakika chache, kisha huanikwa juu ya wavu hadi yavunjike yakibanwa kwa vidole. Yana mafuta mengi, kwa hiyo yasiwekwe muda mrefu yakachacha.

Ng'ombe hahitaji mabuu. Wafugaji wa miji ya Kikuyu na Limuru, jirani na Nairobi, wenye ua unaozunguka shamba wanaweza kupanda kaliandra, mti mdogo wa malisho: kilo 6 za majani mabichi kwa siku humpa ng'ombe wa maziwa protini inayokaribia ile ya kilo 2 za chakula cha dukani, na miti 500 hivi humtosha ng'ombe mmoja mwaka mzima. Majani hayo yalishwe yakiwa mabichi, kwa kuwa yakinyauka humeng'enywa kwa shida.

Kwa kuwa viwango vya protini hutofautiana kutoka mzigo mmoja hadi mwingine, ni vyema sampuli ya kila mashudu mapya ipimwe maabara kabla ya kuchanganya, na kuku wahamishwe kutoka chakula cha zamani hadi kipya polepole, kwa muda usiopungua wiki moja, huku mfugaji akiandika idadi ya mayai ya kila siku.